Shemeji Alisema Oke

Kiwandani walimwita Mama Oke, maana neno hilo lilikuwa haliishi mdomoni mwake. Msimamizi akimwongezea kazi, "Oke." Mwenzake akimweleza msiba, "Oke," kwa sauti ya chini, huku amemshika bega. Nyumbani watoto walijua kwamba "okeee" ya kuvuta maana yake ni thubutu uone. Mume akirudi amelewa, "oke" ilikuwa yaishe, tulale.

Kazi yake ilikuwa kukanyaga pedali ya mashine ya kukatia maboksi. Upande wa pili, aliyeingiza makaratasi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Kwa kelele za pale hakuna aliyepiga soga. "Oke" ilikuwa weka, toa, inatosha, twende. Walielewana hivyo miaka na miaka.

Asubuhi moja kipande kilikwama chini ya kisu. Shemeji akaingiza mkono kukichomoa.

"Shemeji, kimetoka?" Mama Oke alipaza sauti.

"Oke!"

Shemeji alimaanisha amesikia, angoje kidogo. Mama Oke akaelewa kimetoka. Akakanyaga.

Vidole vinne vilibaki juu ya karatasi.

Shemeji alipokimbizwa hospitali, Mama Oke aliitwa ofisini. Mlangoni msimamizi akamnong'oneza: "Ukisema alikupa ruhusa, umepona. Ila yeye atahesabiwa amejikata mwenyewe. Hapati hata bendeji."

Meneja hakumwambia akae. "Kabla hujakanyaga, alikwambia nini?"

Mama Oke alitazama viatu vyake. Damu ilikuwa imeanza kukauka.

"Hakusema kitu. Nilikanyaga bila kuangalia."

Akafukuzwa papo hapo. Kiwanda kikagharamia matibabu, na shemeji alipopata nafuu akawekwa getini kufungua na kufunga.

"Umemlemaza mwanangu kwa uzembe, halafu unanipa shikamoo?" mama mkwe alimwambia mbele ya watu. Tangu siku hiyo hakugusa chakula alichopika. Mume naye akahamishia godoro sebuleni. Shemeji alikuwepo, mkono umefungwa, macho sakafuni. Alijua alichosema kule kwenye mashine. Hakufungua kinywa.

Mara moja tu alimfuata uani, akamkuta anafua.

"Shemeji, mimi siku ile..."

"Nyamaza," Mama Oke alimkatiza. "Una watoto wadogo. Ukisema watakutoa getini."

"Lakini mama anakuchukia bure."

"Najua."

Shemeji alisimama pale akilia, akijifuta machozi kwa kiwiko. Kisha akaenda zake kazini, na Mama Oke, roho ikimuuma kwamba ametii upesi hivyo, akaendelea kukamua shuka.

Mama mkwe alipougua, alikataa kuogeshwa naye. Akafa bila kumwitikia salamu. Msibani wanawake walimpangia kuosha masufuria nyuma ya nyumba, peke yake. Alipoinua kichwa alimwona shemeji dirishani, akimtazama. Shemeji akavuta pazia.