Mdomo Uliokula Upepo

Nilipokuwa mtoto kule Gulwe, mama alifanya jambo ambalo mpaka leo sijui alilifanya akiamini nini. Sikumuuliza alipokuwa hai, na sasa siwezi tena.

Nilikuwa napumua kwa mdomo. Pua yangu ilikuwa imeziba tangu uchanga, na usiku nilikoroma kama mzee. Nilipokuwa mtu mzima daktari mmoja alinieleza habari za nyama za puani, akaandika dawa, akamwita mgonjwa mwingine. Wakati ule maelezo yalikuwa tofauti: mtoto wa mdomo wazi hula upepo. Na kwetu, upepo ndio uliotenganisha mtama na makapi.

Miaka hiyo ushirika ulikuwa umeacha kununua, wafanyabiashara wenye malori wakawa wanakuja wenyewe. Ushirika ulipokea mtama na vumbi lake. Mtu wa lori alichota kiganja kimoja, akakipuliza, na asipopendezwa alipanda gari akaenda zake. Safari ile alisema atapita Ijumaa. Ilikuwa Jumatano, na tangu asubuhi wanawake wanne walikuwa wamesimama kwenye kiwanja cha kupuria, nyungo mikononi, bila jani kutikisika.

Shangazi Debora, dada yake baba, alishusha ungo wake.

"Wifi," alimwambia mama, "mtoto wako anakula."

Mama aliendelea kutazama mbinguni.

"Si umwangalie. Nzi anatafuta nyumba mle."

Wenzake walicheka kidogo, bila raha.

"Nyemo, funga domo hilo," shangazi aliniambia.

Nilifunga. Nilibana midomo mpaka machozi yakanitoka, kisha mdomo ukafunguka wenyewe na hewa ikaingia kwa sauti.

"Mnasikia?" alisema jirani yetu, Mama Yona. "Umeingia wote."

"Basi nimpeleke nyumbani," mama alisema.

"Akale huko peke yake?" shangazi alisema. "Akae hapa tumwone."

Siwezi kumchukia shangazi, ingawa nilijaribu kwa miaka mingi. Alikuwa mjane mwenye watoto sita, na mtama ule ulikuwa mwaka wao mzima. Lori haliwezi kulaumiwa, halisikii. Mimi nilikuwa karibu, nina miaka saba, na nilikuwa nasikia.

Alasiri upepo ulikuja, mkali, wa vumbi jekundu. Wakapepeta mpaka giza. "Si mmeona?" shangazi alisema, na hakuna aliyebisha, wala mama. Tangu hapo, kila mavuno, jambo lile lilirudiwa bila mjadala, hadi nilipokwenda sekondari. Siku nyingine upepo ulikuja, siku nyingine haukuja. Hakuna aliyezitaja zile ambazo haukuja.

Lakini mara ya kwanza, Jumatano ile kabla upepo haujaja, ndiyo ninayoirudia. Shangazi alivua kitambaa chake cha kichwani, cha nailoni, cha mitumba, akakikunja mara mbili. Iliamuliwa kwamba nifungwe mdomo mpaka punje ya mwisho iingie guniani. Nilijua kwamba kikikazwa sitapata hewa. Nilikamata kitenge cha mama kwa mikono yote miwili.

"Mlete," shangazi alisema. "Nitakaza mwenyewe."

"Hapana," mama alisema. "Ni wangu. Nitamfunga mimi."

Alinibandua vidole kimoja kimoja. Alinigeuza, mgongo wangu ukawaelekea wale watatu, akapiga magoti mbele yangu. Uso wake ulikuwa mkavu na wenye hasira, na sikujua hasira ile ilikuwa ya nani. Alizungusha kitambaa, akaingiza kidole chake cha shahada kati ya nailoni na mdomo wangu, akakaza fundo juu ya kidole kile, mara mbili, kwa nguvu, ili waone mabega yake yakifanya kazi.

Kisha akakichomoa kidole. Pale kilipokuwa, hewa ikapita.

"Tayari," aliwaambia, akaokota ungo wake.