Namba Moja wa Kila Chumba

Patron wetu alikuwa na ugonjwa wa kidole: kila kitufe alichokiona lazima akibonyeze. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mlokole asiyekosa ibada, aliyeijaza Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, sabuni na maharagwe kabla ya kununua kituo cha redio. Redio nayo aliiendesha kama ghala. Kwenye kompyuta iliyorusha vipindi alifuta nyimbo na kuzima programu asizozijua, na siku moja alikata misa ya mazishi katikati ya mahubiri, eti alikuwa anatafuta saa.

Basi mimi, fundi wake wa kompyuta, nikamjengea chumba.

Nieleze kidogo, maana utamu wote uko hapa. Mfumo unaoendesha kompyuta kama yetu unaweza kugawanywa kama parcelle ya Katuba: kiwanja kimoja, milango kadhaa, na mpangaji akifunga wake haoni sufuria ya jirani. Programu iliyofungiwa humo haijui kwamba nje kuna nyumba. Kila programu ina namba, na ile ya kwanza, mama wa zote, ni namba moja. Lakini kila chumba kina namba moja wake, naye hujiona mkubwa wa dunia. Patron nilimpa chumba chenye nyimbo zake, programu yake ya kurusha vipindi, mamlaka yote, hata jina alilolichagua mwenyewe: Direction Générale, yaani Uongozi Mkuu. Spika ya ofisini kwake nikaiunganisha humohumo. Akibonyeza, anasikia; akifuta kitu, kinafutika; na mji unaendelea kusikiliza redio yetu salama salimini. Matangazo yake ya maana niliyahamisha kila jioni kwenda hewani kwa mkono wangu.

Asubuhi nilikuwa na burudani yangu. Kwenye dirisha jeusi la amri niliandika herufi nne, lsns, ambazo huorodhesha vyumba vilivyomo kwenye mashine, na macho yangu yalikimbilia mstari wa mwisho. Huo ulikuwa wa patron, ametulia mle kama kuku kwenye tenga. Nilicheka peke yangu. Sijuti, mngemjua mngecheka pia.

"Machine hii siku hizi iko bien," aliniambia. "Inanisikia."

"Njo vile, patron. Inajua mukubwa wake."

Kisha vita vikafika kwao Kivu. Miji ilianguka mmoja baada ya mwingine, benki zikafungwa, malori yake yakakwama. Mama yake mzazi alikimbia, akazunguka nchi za jirani pamoja na wachuuzi, akaingia kwetu kwa mpaka wa Sakania. Dereva wa lori lililomleta alimpigia patron: vizuizi vilikuwa vingi, abiria amewashusha kabla ya kuingia mjini. Wapi hasa, hakujua kutaja. Yule bibi hakuwa na anwani, simu yake iliibwa njiani, na Lubumbashi hakuwahi kuikanyaga.

Patron hakumwambia mtu. Mimi nilijua nilipopita mlangoni kwake mchana na kuisikia sauti yake ikitoka kwenye spika:

"Mama, ni mie mutoto wako. Niko Katuba, kwa redio. Kama kuna muntu eko na mama mugeni wa Kivu, mama wa kitambaa cha bulu, amulete hapa. Mungu atamulipa."

Ukapigwa wimbo mfupi, tangazo likaanza tena. Patron alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Tangu asubuhi inapita," aliniambia. "Muji muzima unasikia."

Mji mzima ulikuwa yeye, ofisini mle, na ndiye aliyekuwa akilia.

Nikakimbilia kompyuta yangu, nikalihamisha tangazo, nikalirusha. Programu ikaandika kwamba linaruka. Ili niwe na hakika nilikwenda getini kwa mlinzi, ambaye redio yake ndogo haizimwi. Ilikuwa kwaya. Nikangoja. Kwaya tena.

Nikarudi, nikaandika zile herufi nne, na safari hii nikaanza kusoma juu, kwenye mistari ambayo sikuwahi kujisumbua nayo. Namba moja alipaswa kuwa ile programu inayoamka na mashine na kuziamsha nyingine zote. Nilikuta dirisha jeusi la amri tu, aina ileile niliyoiweka iwe namba moja wa chumba cha patron. Nyani haoni kundule. Na mimi nilikuwa chumbani.

Mwenye kuweza hilo alikuwa mmoja, mama chef wa ufundi, binti wa mtu wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, aliyenifundisha kazi na aliyetembea na funguo za studio kiunoni. Nilimkuta uani akitia mazout kwenye jenereta.

"Mama, miye pia ulinifungia?"

"Tangu siku ulifuta misa ya Pasaka," akajibu bila kuinua kichwa. "Programme yako ya kesho, kila mangaribi ni miye naipitisha inje, kwa redio ya kweli. Shi inapita, hapana? Ya haraka naipitisha palepale; leo tu nilikuwa natafuta mazout."

"Mama ya patron amepotea! Tangazo haliruki!"

Aliacha bidon ya mafuta ikimwagika, akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Kwenye mashine ya studio aliandika herufi zilezile, na orodha yake ilikuwa ndefu kuliko yangu: mimi nilikuwemo, na patron ndani yangu, chumba ndani ya chumba. Nilipata aibu na hasira pamoja. Yeye hakunitazama. Alilichukua tangazo, akalirusha, na mlinzi akapiga kelele getini: "Patron eko kwa redio!"

Kesho yake pikipiki ilitoka Kasungami, pembeni mwa mji, imembeba mkulima mmoja mwanamke, na nyuma yake mama wa kitambaa cha bulu, ambaye alikuwa kwake akipukuchua mahindi. Patron alipiga magoti uani mbele yetu sote. Kisha akampeleka mama ofisini, akamkalisha kwenye kiti chake.

"Ni mie nilifinya, mama. Hapa hapa."

Akabonyeza. Spika ikasema, "Mama, ni mie mutoto wako," na yule bibi akaiwekea mkono, akaangua kilio.

Mimi na mama chef tulisimama mlangoni. Nikafungua kinywa nimwambie patron ukweli; akanifinya mkono.

"Na miye, mama?" nikamnong'oneza. "Utanitosha mule chumbani lini?"

"Bado," akasema, akavuta mlango wa patron polepole.