Fundi Cornel na Vifungo vya Yustina

Wakazi wote wa mtaa wa Sanyuanli hapa China, wenye viza na wenye matumaini, mnatangaziwa kwa unyenyekevu kwamba fundi Cornel amefufua mashine. Viwanda vya mji huu vinaombwa visikate tamaa.

Mashine yenyewe aliiokota kwa bei ya skrepa: dude la chuma lisilo na mkono, lisilo na springi, lisilo na aibu. Cornel, mtu wa Muleba ambaye hajawahi kukubali kwamba kitu kimekufa, akalifanyia upasuaji. Mkono aliutoa kwenye pedeli ya baiskeli ambayo hatutauliza ilikuwa ya nani. Springi ilitoka kwenye sofa la mwenye nyumba. Kichwa cha kubania alikichonga kwa tupa kutoka kwenye kitasa cha choo cha ghorofa yao, ndiyo maana siku hizi wapangaji wakiingia humo huimba.

Yustina wa Kahama hakuwa na nafasi ya kuchagua mafundi. Alinunua jinzi soko la Shisanhang kwa bei ya kutupa, akajipongeza njia nzima, na kufika chumbani akagundua hazina vifungo. Aliporudi dukani, laoban, tajiri mwenyewe, hakuinua hata macho kutoka kwenye bakuli la tambi. "Mei you." Hakuna, na kikao kikafungwa. Na kontena la kwenda bandari ya Nansha lilikuwa linajazwa jioni hiyohiyo. Akishusha Kahama jinzi zisizofungika, soko zima litamcheka mpaka Pasaka.

Basi Cornel akaja na dude lake na mfuko wa vifungo vya chuma, akabana. Ka! Kifungo kikakaa. Ka! Kingine. Yustina akaanza kumwita injinia.

Mara akaingia Rashid, mtu wa wakala wa mizigo, kufuata mafurushi. Rashid anasomea shahada ya uzamivu, kwa hiyo hawezi kuona kitu bila kukifanyia utafiti. Akakipiga picha, simu ikatafuta, uso ukamshuka.

"Dada Yustina, hii ni mashine ya kujazia risasi!"

"Ya kujazia nini?"

"Risasi! Huko ughaibuni wawindaji wanajaza maganda yaliyotumika. Hapa China, dada! Mlinzi wa jengo akiiona tunahojiwa sote, na mimi tasnifu sijamaliza!"

"Hujaimaliza tangu nikujue. Usiisingizie mashine."

Rashid akagoma. Hagusi furushi hata moja mpaka chuma hicho kitoke humo ndani. Yustina akalitazama rundo la jinzi zilizoachama, nusu nzima bado.

"Kaka Cornel," akasema, "toa vyote vya risasi. Vya vifungo niachie."

Cornel akafungua nati, akaunyanyua mwili wa mashine, akamtwika Rashid. Zikabaki pedeli, springi na kitasa. Akazifunga kwa boliti kwenye nondo za dirisha, akaweka kifungo.

Ka!

Kumbe kile chuma cha hatari kilikuwa abiria tu.

Jinzi ya mwisho ilifungika gari la mizigo likipiga honi chini. Rashid, aliyekwishalirudisha dude skrepa kwa mikono yake yenye elimu, akasimama mlangoni na furushi begani, sauti ya mahafali.

"Fundi, vizazi vitauliza. Uliwezaje kuona, ndani ya zana ya kuua, mashine ya kumsitiri binadamu?"

Cornel akajifuta grisi kwenye suruali.

"Niliinunua nikidhani ni ya kubania chapati."