Kikombe cha Kwanza Anakunywa Edina

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia soko la Mbinga mjini, na Edina Chiwambo anamimina kinywaji cheupe, kizito, kwenye kikombe cha bati. Wateja watano wamesimama mbele ya meza yake. Mmoja ana gunia begani, lakini hata yeye hana haraka.

Edina anakiinua kikombe, anakunywa mpaka tone la mwisho, anajifuta mdomo kwa upindo wa khanga.

"Haya, karibuni," anasema.

Ndipo mikono inaponyooshwa. Kufikia saa nne ndoo mbili za lita ishirini zimekauka, na anayechelewa analaumu usingizi wake.

Kinywaji chenyewe ni maji ya ubuyu. Edina, mjane wa miaka thelathini na minane, huletewa mabuyu kwa lori kutoka kwao Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huloweka unga wake jioni, akauchuja mara mbili kwa kitambaa, akatia sukari na tangawizi. Kikombe ni shilingi hamsini. Soda ya chupa, ambayo tangu milango ya biashara ifunguliwe katikati ya miaka ya themanini imejaa kila duka la Mbinga, ni mara tatu ya hapo.

Ufundi huu hakuupata kwa mama yake. Aliupata kisiwani Likoma, sehemu ya Malawi ndani ya ziwa hilohilo, alikoolewa akiwa na miaka ishirini. Siku yake ya kwanza sokoni huko alikuwa na kiu, mgeni, hajui bei ya kitu chochote. Mama mmoja aitwaye Dorothy akampa kikombe.

"Nilidhani ni maziwa yaliyoharibika," anakumbuka Edina, akicheka mpaka anashika meza. "Nikanywa kwa adabu tu. Kikombe cha pili nikaomba mwenyewe."

Tangu hapo kila siku ya soko alikuwa akionja: leo ukwaju, kesho matunda ya porini ya masuku yaliyopondwa, keshokutwa ubuyu tena. Mwishowe Dorothy alichoka kumwona amesimama bure akamfundisha kazi. Alimpa na kanuni moja, naye Edina akaishika kama amri ya kanisani: muuzaji hanywi mali yake. Anayekunywa mali yake anakunywa mtaji.

Mumewe, Adrian, alipofariki, Edina alirudi Tanzania na binti yake, Winnie. Msichana alipopata nafasi ya sekondari Mbinga, mama akapanda milima pamoja naye, ndoo kichwani. Mwenyekiti wa soko, Mzee Leopold Ndunguru, akampa meza kwa mwezi mmoja wa majaribio. Meza isipofanya kazi, apewe muuza soda aliyekuwa akiisubiri. Edina alijua maana yake: bila meza hakuna ada, na Winnie angerudi Mbaha kuanika dagaa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hao hawakuwahi kuuza ubuyu Mbinga. Wiki tatu zilipita, watu wakichungulia ndoo na kwenda zao. Edina alidhani ni baridi ya milimani, akaanza kukipasha moto kinywaji. Hawakununua. Akaongeza sukari. Hawakununua. Jioni alikuwa akimwaga ndoo nzima mtaroni, roho ikimuuma.

Aliyemfumbua macho ni jirani yake wa meza, Walburga Kapinga, Mmatengo mwenye mdomo mwepesi anayeuza togwa. Ilikuwa imebaki siku moja mwezi utimie.

"Shikamoo, mama. Mimi kesho nafunga," Edina alimwambia.

"Marahaba. Ufunge nini, na hujafungua?" Walburga alijibu. "Mimi togwa yangu naonja kabla sijampa mtu. Hata nyumbani, mgeni hapewi kata mpaka mwenyeji ainywe kwanza. Wewe umetoka ziwani, hatukujui, unampa mtu kitu cheupe halafu unatazama pembeni. Watu wanasema, mwenyewe anakiogopa."

Kwao Mbaha pia mwenyeji huonja kwanza; Edina alilijua hilo tangu utotoni. Miaka ya kisiwani, na ile kanuni ya Dorothy, vilikuwa vimelifuta.

Asubuhi ya mwisho Mzee Ndunguru alikuja na muuza soda nyuma yake, tayari ameshika kreti. Edina hakubishana. Alijaza kikombe, akakinywa chote mbele ya soko zima. Kisha akakijaza tena akampa mwenyekiti kwa mikono miwili.

Mzee alikunywa. Akarudisha kikombe.

"Ongeza," alisema.

Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza kusogea, na Walburga akiwapanga kana kwamba ndoo ni yake. Muuza soda aliweka kreti chini akanywa na yeye. Siku hiyo Edina alirudi nyumbani na ndoo tupu, akalia kwa furaha mpaka Winnie akaogopa.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Meza ni yake, Winnie yuko kidato cha tatu, na Pasaka iliyopita Edina aliletewa oda za harusi tatu.

Mwezi wa Desemba shule zikifungwa, Edina anakusudia kusafiri ziwani na binti yake, wabebe dumu moja la ubuyu wa Mbaha hadi sokoni Likoma. Amesikia Dorothy yu hai, amezeeka, bado anauza.

"Nitammiminia," anasema, akisuuza kikombe chake cha bati. "Lakini cha kwanza nitakunywa mimi, mbele yake. Atagomba. Nitamwacha agombe mpaka achoke, ndipo nimwambie kwamba Winnie amesomeshwa na kikombe hicho."