Pistoni za Baba Yako

Kuna siku moja ambayo hunirudia, mwanangu, kila nikikuona ukizunguka uani na simu yako yenye picha za pistoni. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa nimetandaza vitenge mkekani, navikunja nipate kuvuka navyo daraja la mpakani kwenda kuviuza Bukavu, Kongo, baba yako akaingia na kitu amekifunga ndani ya shati. Akakiweka juu ya vitenge vyangu, na mafuta yake yote, wala hakuona kwamba anavichafua. Ilikuwa pistoni. Ukingo wake wa juu ulikuwa umemeguka kama sahani iliyoanguka. Akasema gari limekufa, akatoka, akarudi, akatoka tena.

Wewe umemjua baba yako Rajabu akiwa mzee, anayekaa nje ya msikiti akisubiri sala kana kwamba hana pengine pa kwenda. Mimi niliolewa na Rajabu mwingine. Yule hakuweza kumaliza chai akiwa ameketi. Alikuwa na gari refu la Kijapani, la petroli, lenye turbo, na kazi yake ilikuwa kuwachukua wafanyabiashara wa hapa Kamembe waliotaka kuwahi Huye au Kigali. Siku hizo aliyefika wa kwanza ndiye aliyepigiwa simu safari iliyofuata. Kwa hiyo akaichezea turbo mwenyewe, ikawa inasukuma hewa nyingi kuliko ilivyopangiwa, na petroli yetu unaijua ilivyo duni. Injini ikagonga-gonga ndani kwa muda, yeye akaongeza sauti ya redio.

Tulikwenda wote kwa Papa Anselme. Alikuwa fundi aliyekuja kutoka Bukavu akiwa kijana akazeekea hapa hapa, na garaji yake ilikuwa nyuma ya soko. Mzee huyo alikuwa na tabia moja iliyomtesa sana baba yako: kabla hajajibu swali alifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine, na wewe unasimama unangoja.

Alitueleza kwamba kuna pistoni za aina mbili. Za kwanza zimetengenezwa kwa madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu. Hizo zilipatikana Bukavu, siku ya pili yake gari lingekuwa barabarani, na zingetosha kabisa kama turbo ingerudishwa ilivyotoka kiwandani. Za pili ndizo hizo unazozitazama wewe, forje, ambazo madini yake yamefuliwa na kushindiliwa mpaka yakashikamana. Hizo huvumilia moto na msukumo mkubwa. Lakini zilitakiwa kuagizwa mbali. Tena zikipata joto hutanuka zaidi, kwa hiyo fundi huziachia nafasi kubwa kidogo ndani ya silinda, na injini ikiwa baridi utazisikia zikigonga. Ukiwa nazo, unawasha, unangoja ipate moto, ndipo unaondoka.

Akafuta kidole cha mwisho, akamwangalia baba yako.

"Weye niambie ukweli, Rajabu. Utapandisha turbo tena?"

"Hapana, Papa. Nataka tu usalama."

Nilimsikia mume wangu anadanganya. Mke huisikia sauti hiyo. Papa Anselme naye aliisikia, nadhani, lakini gari halikuwa lake.

Basi tukaagiza forje, na hapo ndipo nilipojua kungoja ni nini. Baba yako hakukaa nyumbani. Asubuhi alikuwa mpakani akiwauliza madereva wa malori. Mchana alipanda mpaka karibu na uwanja wa ndege akatazama ndege ikitua, ingawa alijua mzigo wetu haukuja kwa ndege. Akiwa mezani alizungumza habari za kuhamia Goma, kesho yake Bujumbura, keshokutwa akasema hapana, Uvira kuna biashara. Niliweka chakula mbele ya mtu ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuondoka. Na mimi nikaanza kuambukizwa. Nilikuwa nakuogesha huku nasikiliza mlango. Nilikuwa Bukavu, mteja ameshika kitenge ananiuliza bei, nami nafikiria kama Rajabu amekwisha kuuza gari au ameuza nyumba.

Pistoni zikaja. Nzuri sana, zinang'aa, hata mimi nilitaka kuzishika. Papa Anselme akazipima na kuzipima tena, baba yako akitembea kutoka mlango wa garaji mpaka barabarani na kurudi. Mwisho gari likawaka. Lilikuwa na nguvu, mwanangu, sitakuficha. Asubuhi liligonga tok-tok-tok pale nje mpaka majirani wakadhani limeharibika, kisha likipata moto linatulia, linavuta kama limeitwa na mtu. Kwa muda baba yako aliheshimu ule muda wa kungoja. Kisha akaanza kuondoka likiwa bado linagonga.

Akapandisha turbo. Abiria wakamsifu. Akapandisha tena. Nilipomuuliza, akasema, "Inavumilia." Neno hilo likawa lake. Nilitamani kulitoa kinywani mwake kwa mikono yangu, maana siku hizo hizo alikuwa akilitumia kwa jambo jingine. Mama yake alipougua tukamleta kwetu nimuuguze. Watoto wa kaka yake wakaja kusoma hapa, wakalala kwetu. Biashara ya Bukavu ilikuwa yangu, na wewe mgongoni. Watu wakimuuliza kama mkewe hachoki, anacheka kwa fahari, akiniita kwa jina lako: "Maman Salima anavumilia." Alinisifu kweli. Hakuwa mtu mbaya. Ila alivyosikia kwamba kitu kinaweza kubeba, alikiongezea.

Siku ya msiba wa shangazi yake kule Huye, tulipanda gari mimi na mama mkwe nyuma, wewe nikakuacha kwa dada yangu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Tulipoingia msitu wa Nyungwe kulikuwa na ukungu na barabara ina maji. Mama mkwe akamwambia mwanawe apunguze mwendo, akamjibu kwamba tutachelewa mazishi. Nilikuwa nimeshika mkono wa yule mama, baridi kabisa. Katika mlima mmoja baba yako akakanyaga mafuta kumpita mwenye lori, nikasikia mlio ambao sijapata kuusikia tena, kama mtu amepiga nyundo chini ya miguu yetu kutaka kutoka. Moshi ukajaa. Injini ikazimika, usukani ukawa mgumu, breki nazo zikawa ngumu. Upande mmoja ulikuwa bonde, huoni mwisho wake. Baba yako alivuta upande wa mlima kwa nguvu zake zote, tukagonga udongo, gari likasimama likiwa limeinama.

Mama mkwe alivunjika mkono. Hakulia. Alimtazama tu mwanawe kupitia kile kioo kidogo cha dereva, na Rajabu akakigeuza kioo.

Yule mwenye lori tuliyetaka kumpita ndiye aliyetuchukua.

Gari liliporudishwa Kamembe, tukasimama tena kwa Papa Anselme. Biele moja, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni kwa chini, ilikuwa imekatika ikatoboa ubavu wa injini. Ungeweza kupitisha ngumi. Papa Anselme akazitoa pistoni, akazipanga juu ya gunia. Zote nzima. Baba yako akaokota moja akaigeuzageuza, na nikaona uso wake unachangamka kidogo.

"Si unaona, Papa? Pistoni hazina hata alama."

Mzee akafuta mikono. Safari ile alifuta polepole kuliko siku zote.

"Rajabu, uliniuliza pistoni inavumilia kiasi gani. Weye mwenyewe unahitaji kiasi gani, hiyo haukuniuliza hata siku moja. Nguvu ile pistoni ilikataa kuvunjika nayo, ilienda kuvunja kingine. Ulitaka kufika wapi?"

Mimi sikupanga kusema kitu mbele ya mzee wa watu. Lakini nilikuwa nimetoka kumfunga mama mkwe mkono kwa kitambaa, sijalala vizuri, na maneno yakatoka yenyewe.

"Na mimi hujaniuliza," nikamwambia.

Papa Anselme akajifanya anatafuta spana mahali pengine. Baba yako akakaa juu ya tairi. Akakaa kweli, kwa muda mrefu, mikono katikati ya magoti, na hakuna aliyemkimbiza.

Alipoinuka alimweleza fundi anachotaka: gari la kuchukua watu wanne na mizigo yao, lipande Nyungwe kwa mwendo ambao mama yake angekubali kupanda. Papa Anselme akasema atatafuta mwili mwingine wa injini, na kwa kazi hiyo pistoni za Bukavu zinatosha, turbo irudi ilivyozaliwa. Zile forje akazichukua kijana mmoja wa mashindano ya magari, aliyekuwa amekwisha kununua biele ngumu na kila kitu kinachokwenda nazo. Huyo alijua anachokitaka.

Nyumbani, baba yako akaniuliza nahitaji nini. Nilizunguka na swali hilo siku nyingi, likaniuma kuliko kazi zenyewe. Mwishowe nikamwambia nataka Ijumaa nisivuke daraja, na mmoja wa watoto wa kaka yake achukuliwe na wazazi wake. Akatekeleza. Mkono wa mama mkwe haukunyooka sawasawa mpaka alipotutoka, na mimi gari likipanda mlima bado situlii.

Sasa nisikilize, maana najua miguu yako imekwisha kuwa nje. Sikukatazi forje. Kama kweli unataka turbo ya nguvu, usitie pistoni za kumiminwa, utazimegua. Lakini usinunue pistoni peke yake ukadhani umenunua injini: uliza biele, uliza mafuta, uliza namna ya kuipoza, na umwache fundi apime bila kumsimamia. Asubuhi ngoja ipate moto. Na kabla ya hayo yote, kaa mahali useme kwa sauti gari hili ni la kazi gani. Kama huwezi kulisema mbele yangu, usiagize kitu. Tena ukipata mtu nyumbani kwako anayevumilia, usingoje avunjike ndipo umuulize.

Mungu akulinde katika kona zote za Nyungwe, akurudishe na wote uliotoka nao. Akupe kazi inayotosha, na mtu wa kukuuliza kama umechoka kabla hujachoka. Amina.