Pampu Iliyonguruma Siku za Matanga

Kesho wangemzika baba, na filamu ya maisha yake haikuwa tayari. Rwamba, mpiga picha wa Manyatta, alisikia pampu ya maji yanayopoza kompyuta ikinguruma kama poshomili inayosaga mahindi. Mashine ilikuwa moto. Akavuta kitambaa kilichoifunika, akaikuta imesimama kichwa chini.

“Nani amegeuza hii?”

“Ni mimi,” mamake, Marcella, akasema. “Vumbi ni mingi. Sufuria si huwa tunazigeuza hivyo?”

“Mama! Hewa yote imeingia kwa pampu!”

Aliizima, akaisimamisha vizuri, akaiwasha. Maji yakabubujika, kisha pampu ikaendelea kufanya kazi kimya. Akafungua filamu, na sauti ya marehemu ikajaza chumba: “Mama Rwamba, chai iko wapi?”

“Naleta,” Marcella akajibu, akainuka.