Rozela ya Kemia

Leo mama mkwe wangu amewanywesha wageni jaribio langu la kemia.

Nasoma kemia ya kidato cha sita kwa simu, hapa nyumbani Pasiansi. Mwalimu alitaka leo tumtumie video ya juisi ya rozela ikibadilika rangi kwa magadi.

Nikachemsha rozela, nikaenda dukani kufuata magadi.

Mama sikumwambia. Niliogopa ataona nimemsahau mwanawe mapema. (Mwanawe huyo ndiye aliyekuwa akinihoji alama za elementi huku akipiga pasi.)

Narudi, nakuta akina mama wa jumuiya waliokuja kutupa pole wanamalizia glasi.

"Juisi nzuri, ila sukari umebania," mmoja akaniambia.

Kimebaki kikombe kimoja! Ikabidi niseme ukweli.

Mama akasema, "Si ungeniambia, mwanangu? Lete simu nikushikie."

Nikatia magadi. Ikawa kijani. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu.

Sasa naiangalia video. Kikombe hakionekani kabisa. Kamera ilikuwa imemgeukia yeye, uso mzima, anacheka: "Yesu wangu, imegeuka!"

Rozela imeisha. Nimemtumia mwalimu hiyohiyo.

Ingekuwa nyie, mngeifuta?